Insulini Mbili za Haraka na Pilau ya Mzee Zakari

CHAMA CHA WENYE KISUKARI WA KAMALONDO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI NA. VI/2025

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Chumba cha mikutano, kituo cha afya cha mtaa, Lubumbashi
Saa iliyotangazwa: 9h00
Saa ya kuanza: 10h17

WALIOHUDHURIA
1. Papa Zéphirin Kapya, Mwenyekiti, mstaafu wa reli
2. Émile Chisanga, Katibu
3. Mama Mado Ngosa, mjumbe, muuza unga
4. Mzee Zakari Yuma, mjumbe, fundi cherehani
5. Mama Kulthumu, mke wa Mzee Zakari, mjumbe. Yeye hana kisukari. Aliingia kamatini ili kumwangalia mumewe.
6. Edith, muuguzi wa kituo, mshauri wa chama

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Mama Kiki Chanda, yuko safarini Mitwaba. Ni mara ya tatu mwaka huu kusafiri siku ambayo Mwenyekiti ana hotuba.

KUMB. NA. 1/VI/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kueleza kwamba alicheleweshwa na mvua. Mama Mado alikumbusha kwamba tuko mwezi wa sita, katikati ya kiangazi. Mwenyekiti aliendelea na ajenda.

KUMB. NA. 2/VI/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Kumbukumbu za kikao cha Mei zilisomwa. Mwenyekiti aliomba maneno "Mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu" yabadilishwe yawe "Mwenyekiti alizungumza kwa kina". Yalibadilishwa. Mama Mado aliuliza kina hicho kilikuwa cha mita ngapi.

KUMB. NA. 3/VI/2025: OMBI LA MZEE ZAKARI

Mzee Zakari alieleza kwamba binti yake Djamila anaolewa na Idriss Jumapili tarehe 22 Juni. Wakwe wanatoka Kasongo. Kwa desturi ya koo zote mbili, baba wa bibi harusi na baba wa bwana harusi ndio wanaotia mkono kwanza kwenye sinia ya pilau, pamoja, mbele ya wageni. Baba asiyekula huhesabiwa kwamba hataki ndoa.

Mama Kulthumu alieleza kwamba anaijua desturi hiyo, lakini mumewe hatagusa pilau mpaka sukari yake, saa mbili baada ya kula, ishuke chini ya 180. Alifungua kijitabu cha vipimo vya nyumbani akasoma: 271, 284, 266. Alisema: "Djamila anataka baba ku harusi, hataki baba ku hospitali."

Mzee Zakari alisema kosa si lake bali ni la dawa. Yeye hutumia insulini ya haraka inayoitwa aspart. Mama Mado hutumia nyingine ya haraka inayoitwa lispro, naye anajulikana kwa kutangaza sokoni kwamba baada ya bukari, yaani ugali, sukari yake haipiti 160. Mzee Zakari aliomba kamati ilinganishe dawa hizo mbili na, ikionekana ya Mama Mado inashinda, imwandikie daktari ambadilishie kabla ya harusi.

Mama Mado alisema haoni haja ya jaribio kwa jambo linalojulikana. Hata hivyo alikubali, kwa sababu kutakuwa na chakula.

Mwenyekiti aliomba na yeye alinganishwe. Yeye hutumia insulini ya kawaida, ile ya zamani, na alisema amechoka kuchekwa. Aliongezwa.

Edith alieleza kwamba kamati haina mamlaka ya kubadilisha dawa ya mtu wala kipimo chake. Kila mmoja atachoma kiasi kilekile alichoandikiwa na daktari, na yeye atapima tu. Wote walikubali kwa kuinua mkono. Mwenyekiti aliinua miwili.

KUMB. NA. 4/VI/2025: MPANGO WA JARIBIO

Chakula kilipikwa na Mama Mado: bukari, sombe (kisamvu) na samaki wakavu. Mzee Zakari alitia shaka kwamba mpishi ni mshindani. Alisema bukari ya kushindiliwa na bukari ya kuachiwa zinaweza kuonekana sawa machoni zisiwe sawa tumboni. Mama Mado alimuuliza kama anataka amkatie bukari kwa makasi.

Ili kumaliza ubishi, bukari ilipimwa kwa mizani ya kituo ya kupimia watoto wachanga, juu ya kitambaa safi. Kila sahani ilikuwa na gramu 400. Edith aliruhusu kwa sharti kwamba mizani irudi mapema, kwa kuwa mama waliokuja kupima watoto walikuwa wameshaanza kufika.

Mwenyekiti alipendekeza wote watatu wachome sindano dakika ileile, ili asiwepo wa kulalamika baadaye. Edith alisema dawa tatu hizi hazina saa moja, na kwamba hizi mbili za haraka huchomwa chakula kikiwa mbele ya mtu. Mwenyekiti alijibu kwamba chakula kiko mbele ya watu: kiko mezani, kimefunikwa. Pendekezo lilipita kwa kura nne dhidi ya moja ya Mama Kulthumu; mshauri hapigi kura. Katibu alipiga kura ya ndiyo na anasikitika.

KUMB. NA. 5/VI/2025: JARIBIO LENYEWE

Katibu aliandika saa kama ifuatavyo.

11h55. Sukari kabla ya kula, kwa miligramu: Mzee Zakari 112, Mama Mado 108, Mwenyekiti 131.

12h00. Wote watatu walichoma sindano. Mzee Zakari aliomba wajumbe watazame dirishani wakati anapandisha shati. Walitazama dirishani.

12h02. Edith aliitwa na mama waliokuwa nje wakidai mizani yao. Aliondoka nayo, akisema: "Kuleni."

12h03. Mzee Zakari alisoma dua. Mama Mado alifuata kwa sala yake. Zote mbili zilichukua dakika nne.

12h07. Kwa desturi ya chama, hakuna anayefunua chakula kabla Mwenyekiti hajasema maneno mawili. Mwenyekiti alisimama kusema maneno mawili.

12h20. Mwenyekiti alikuwa amefika mwaka 2011, wakati chama kilipoanzishwa na watu watano na kiti kimoja.

12h27. Mwenyekiti alirudi nyuma kidogo ili kueleza utaratibu wa mabehewa katika stesheni aliyoisimamia, na fundisho lake kwa chama.

12h31. Mzee Zakari alitoa kitambaa akajifuta jasho mara tatu. Alisema: "Prezida, niko nakuona muko babili. Moja wenu anyamaze."

12h32. Mwenyekiti alishukuru kwa mchango huo akaendelea.

12h33. Mama Mado, ambaye kwa miaka kumi na miwili amemwita Mwenyekiti "Papa Prezida", alisimama akishika meza na kusema, katibu ananukuu: "Wee Zéphirin! Funga kinywa, fungua sufuria! Bantu banakufa hapa, weye uko natuhesabia vago za treni!"

Mwenyekiti aliuliza: "Mama Mado, ile ni hasira ao ni sukari?"

Mama Mado alijibu: "Yote mbili!"

12h35. Edith alirudi. Alisema: "Nimetoka kupima batoto, narudi nakuta bakubwa njo banalia! Nani alibaambia muchome kisha mungoje?" Alipima mara moja. Mzee Zakari 58, Mama Mado 61, Mwenyekiti 118. Alieleza kwamba sukari ya wawili hao ilikuwa imeshuka kupita kiasi, maana dawa ilikuwa imeshafika kazini na kukuta hakuna chakula. Aliagiza kila mmoja wao apewe nusu glasi ya Fanta bila kuchelewa.

12h37. Mama Mado alikunywa nusu glasi, akakaa na kuomba msamaha kwa neno "Zéphirin" lakini si kwa mengine. Mzee Zakari alikunywa nusu glasi yake, kisha chupa iliyobaki, kisha yaliyobaki katika chupa ya Mama Mado. Alisema mkono haukujua pa kusimama.

12h41. Chakula kilifunuliwa. Kililiwa bila hotuba.

KUMB. NA. 6/VI/2025: MATOKEO

Saa 14h41, Edith alipima tena na kusoma: Mzee Zakari 262, Mama Mado 249, Mwenyekiti 157.

Mwenyekiti alitoa maoni yake akiwa amesimama. Alisema: "Mulikuwa munaniseka na dawa yangu ya zamani. Sasa muangalie nani anashinda."

Mama Kulthumu alisema: "Mia mbili na makumi sita na mbili. Baba Djamila, ile pilau utaiona na macho tu."

Mzee Zakari alisema: "Mama Djamila, ile namba si yangu, ni ya Fanta."

Mama Mado aliomba namba yake isifike sokoni. Ni mara ya kwanza katika kumbukumbu hizi yeye kuomba siri.

Edith aliomba nafasi. Alieleza kwamba jaribio hili halikulinganisha dawa. Lispro na aspart huanza kazi baada ya kama robo saa, na kwa watu wengi tofauti kati yao ni ndogo sana. Kwa hiyo mtu huchoma na kula. Insulini ya kawaida huchelewa kuanza, na kwa sababu hiyo huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Hotuba ya leo, pamoja na sala, ilichukua muda ambao dawa ya Mwenyekiti inauhitaji, na ambao dawa za wenzake haziuvumilii: sehemu ya nguvu zake iliishia kabla ya chakula, kisha Fanta ikaongeza sukari. Kwa ufupi, alisema, dawa zote mbili za haraka zilifika kwa wakati. Kilichochelewa ni sahani.

Mwenyekiti aliuliza kama hiyo ni lawama. Edith alisema ni saa.

Mzee Zakari aliomba iandikwe kwamba ameonewa na hotuba, na kwamba arudishiwe haki yake ya pilau. Mama Kulthumu alipinga. Alisema zile 271, 284 na 266 ni za nyumbani, na nyumbani kwao Mwenyekiti hayuko. Akaongeza kwamba mumewe sindano anachoma kweli, yeye humpa kalamu ya insulini kwa mkono wake na kumwona anaingia nayo chumbani.

Edith alisema hoja hiyo ina uzito, akauliza kama kuna anayejua milo ya nyumba hiyo huendaje.

KUMB. NA. 7/VI/2025: DAFTARI LA KATIBU

Katibu alieleza kwamba ana desturi ya kuandika kila siku, kwa tarehe na saa, katika daftari lake binafsi, na kwamba mwezi uliopita alialikwa kula kwa Mzee Zakari. Aliomba ruhusa ya mwenye nyumba kusoma. Mzee Zakari alisema hana cha kuficha. Katibu alisoma:

"Jumapili 18 Mei 2025. Kwa Mzee Zakari. Wali na mbuzi, sinia moja, watu sita. Tulianza 13h05. Kunawa mikono 13h40. Kahawa. Mzee aliingia chumbani 14h10, akatoka 14h14 ananukia spiriti ya hospitali. Mbuzi alikuwa laini."

Edith alimuuliza Mzee Zakari kama huchoma saa nzima baada ya kuanza kula. Mzee Zakari alisema si kila siku. Edith aliuliza ni siku gani. Alisema ni siku za wageni. Mama Kulthumu alisema: "Nyumba yetu, siku gani haina wageni?"

Mzee Zakari alieleza. Alisema watu wakiwa wameizunguka sinia, mwenye nyumba hawezi kuondoka kwanza, na hawezi kuwakalisha wageni na njaa akiwa chumbani. "Ao nipandishe shati mbele ya bakwe?" aliuliza. "Batatoka Kasongo yote ile kuja kuona tumbo ya Zakari?"

Mama Kulthumu alimgeukia mumewe. Alisema kwamba miaka mitatu amemwangalia kama anachoma, na hakuwahi kumwangalia anachoma saa ngapi. Alisema kosa hilo liandikwe kwa jina lake pia. Limeandikwa.

Mama Mado aliuliza kama na yeye yumo katika daftari la Katibu. Katibu alijibu kwamba yumo mara chache, na kwa heshima. Mwenyekiti aliuliza kama daftari lina urefu wa hotuba zake. Katibu alijibu kwamba lina, tangu mwaka 2019. Mwenyekiti aliuliza ni dakika ngapi kwa kawaida. Katibu alisema thelathini, ikizidi ni thelathini na moja.

Hapo Mwenyekiti alikaa. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba kabla ya mwaka 2019 hakuwa akihutubia kabla ya chakula. Mwaka huo ndio alioanza insulini, na aliambiwa achome kisha angoje nusu saa. Alisema kukaa nusu saa mbele ya sahani iliyofunikwa, kimya, watu wakikutazama, ni kazi nzito kwa mtu mzima. Siku ya kwanza alisema maneno mawili ili kupitisha muda. Baadaye ikawa desturi.

Mama Mado alisema: "Papa Prezida, si ungetuambia tu? Tungekuletea redio." Kikao kilicheka. Mwenyekiti alicheka pia, wa mwisho.

KUMB. NA. 8/VI/2025: MAAZIMIO

(a) Barua ya kumwomba daktari abadilishe dawa haitaandikwa. Mzee Zakari atabaki na aspart na Mama Mado na lispro. Mama Mado ataacha kutangaza dawa yake sokoni. Alikubali kupunguza sauti.

(b) Jaribio la leo limefutwa. Litarudiwa na mtu mmoja tu, Mzee Zakari, Jumatano tarehe 18 Juni nyumbani kwake, kwa pilau yenyewe. Atachoma sinia ikishawekwa chini na kufunuliwa. Mama Kulthumu aliomba iandikwe wazi kwamba 180 yake haijashuka bei. Pia atapakua mwenyewe, na baada ya mkono wa kwanza kwenye sinia mumewe atakula kwenye sahani yake, bila kuongezewa.

(c) Kuhusu haya ya kupandisha nguo mbele ya watu, Mama Mado alipendekeza wanawake wawili washike kitenge kama pazia. Mzee Zakari alisema hilo litaita watu badala ya kuwafukuza. Edith alisema si lazima tumboni. Pajani pia panaruhusiwa, mradi ngozi iwe safi na sindano isipite kwenye nguo. Mzee Zakari alitoa chaki mfukoni, akachora mezani. Alieleza kwamba atashona kanzu ya harusi yenye mfuko wa kulia usio na chini, ili mkono upite mpaka pajani bila mtu kujua. Edith aliuliza maswali manne kuhusu usafi, akaridhika. Mama Kulthumu aliuliza kwa nini fundi wa miaka arobaini hakufikiria hilo miaka mitatu iliyopita. Mzee Zakari alisema hakuna mteja aliyeomba.

(d) Mwenyekiti hatahutubia tena watu wenye sindano mwilini. Nusu saa yake anaihitaji na haitaondolewa. Itapangwa kabla ya wengine kuchoma. Katika harusi, Katibu atamsikiliza.

(e) Bukari haitapimwa tena kwa mizani ya watoto. Mama mmoja amelalamika kwamba mtoto wake amerudi nyumbani ananukia samaki.

KUMB. NA. 9/VI/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alisimama ili kufunga. Wajumbe walisimama pia, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakatoka. Ilikuwa 16h05.

NYONGEZA KABLA YA KUSAINI

Utekelezaji wa azimio (b): Jumatano 18 Juni, saa mbili baada ya pilau, Mzee Zakari alikuwa 174. Mama Kulthumu aliomba kipimo kirudiwe. Kilikuwa 172. Alisema hiyo imeshuka kwa sababu ya kuogopa, lakini ruhusa aliitoa.

Utekelezaji wa azimio (d): Jumapili 22 Juni, harusini, Mwenyekiti alichoma dawa yake 12h00 nyuma ya hema. Alihutubia mpaka 12h30 mbele ya Katibu na viti vya plastiki vilivyopangwa juu kwa juu. Kwa kuwa hakukatizwa, hotuba ilifika mwisho kwa mara ya kwanza. Inamalizika kwa shukrani kwa wajumbe, kila mmoja kwa jina, pamoja na Mama Kiki. Katibu hakuwa akijua hilo.

Utekelezaji wa azimio (c): Saa 12h46 sinia iliwekwa chini na kufunuliwa. Mzee Zakari alitia mkono mfukoni, akatulia kama mtu anayetafuta tasbihi, akautoa. Alinawa. Saa 12h48 yeye na baba yake Idriss walitia mkono kwenye pilau pamoja, na wanawake wakapiga vigelegele. Djamila alikuwa akimtazama baba yake na si bwana harusi.

Saa 14h48 Edith alimpima pembeni: 168. Mama Kulthumu alisoma namba, akaichukua mashine akaisoma tena, akasema: "Baba Djamila, hongera ya harusi." Kisha akaondoka haraka kwenda kuangalia sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Kabla wageni hawajaondoka, baba yake Idriss alimvuta Mzee Zakari nyuma ya hema, mahali palepale pa hotuba. Katibu alikuwa akikunja viti na alisikia. Mkwe alisema alikuwa ameona mkono unaingia mfukoni na unakawia kutoka. Mzee Zakari alianza kuomba radhi. Mkwe alimshika bega.

"Hapana, fundi," alisema. "Miye pia niko na ile sukari. Tangu asubuhi sijachoma, nilikuwa naogopa mutasema tumeleta mugonjwa. Ile mufuko, utanishonea?"

Mzee Zakari alimpima kanzu papo hapo kwa utepe uliokuwa shingoni mwake hata siku ya harusi ya binti yake. Edith, aliyeitwa, alimpima sukari: 291. Alikaa naye mpaka jioni, akampatia miadi kituoni kesho yake kabla ya safari. Ameandikwa kuwa mwanachama namba 48, tawi la Kasongo, ambalo kwa sasa ni yeye peke yake.

Zimesomwa na kusainiwa Lubumbashi, Jumanne 24 Juni 2025.

Zéphirin Kapya, Mwenyekiti (sahihi)
Nimesaini. Naomba tu, pale kwenye 12h27, "mabehewa" iandikwe kwa kina.

Émile Chisanga, Katibu (sahihi)
Ombi limepokelewa 17h10. Mwenyekiti amemaliza kulieleza 17h40.